Jinsi ya Kuandaa Karamu ya Burns na Kuwafahamu Waskoti Wakiwa Mezani

Mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka kuwafahamu Waskoti hana budi kuanza kwa kuliangalia upya neno moja. Tunaposema "Uingereza" huwa tunamaanisha Ufalme wa Muungano mzima, na papo hapo tunamaanisha lile eneo la kusini ambalo mji wake mkuu ni London. Matokeo yake Mskoti huitwa Mwingereza, jina ambalo wengi wao hawalipokei kwa furaha. Uskoti ulikuwa na bunge lake hadi mwaka 1707, ulipoungana na jirani yake, na hata baada ya hapo ulibaki na sheria zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Bunge lilipokosekana, utaifa ulijihifadhi pia katika lugha na ushairi. Ndiyo sababu ninamshauri mgeni asianzie kwenye makasri na vita, aanzie kwenye karamu ya usiku wa tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns.

Burns alizaliwa mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, eneo la Ayrshire, akiwa mtoto wa mkulima, akafariki mjini Dumfries mwaka 1796 akiwa na umri wa miaka 37. Miaka mitano baadaye marafiki zake wachache walikutana katika nyumba aliyozaliwa, wakala na kumkumbuka kwa beti zake, na hapo ndipo desturi hii ilipoanzia. Unachohitaji ni meza, wageni, na mtu mmoja anayejua kughani.

Chakula kikuu ni haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyokatwakatwa, vikachanganywa na oti, mafuta ya mnyama, vitunguu na viungo, kisha vikashindiliwa ndani ya tumbo la kondoo huyo. Ni mapishi ya watu wasiotupa sehemu yoyote ya mnyama, na Burns alikisifu chakula hicho waziwazi mbele ya vyakula vya Kifaransa vya walaji wenye madaha. Siku hizi huuzwa ikiwa imekwisha kupikwa, hivyo kazi yako ni kuipasha tu: ifunge kwa karatasi ya foili na uiweke katika maji yanayotokota taratibu, kwa sababu maji yakichemka kwa nguvu ngozi yake hupasuka. Pembeni andaa viazi vilivyopondwa, ambavyo Waskoti huviita tatties, pamoja na neeps, mzizi mnene wenye nyama ya manjano unaochemshwa na kupondwa kwa siagi na pilipili manga. Kwa asiyekula nyama ipo haggis ya dengu, mboga na oti. Glasi huinuliwa zikiwa na wiski, ambayo kisheria haiwezi kuitwa ya Kiskoti kabla haijakaa angalau miaka 3 katika mapipa ya mwaloni ndani ya Uskoti. Asiyekunywa pombe ainue maji au juisi bila wasiwasi wowote.

Kuhusu mavazi, usijisumbue kukodi kilti, ile sketi ya miraba ya wanaume wa Kiskoti. Vazi hilo lilikuwa la watu wa nyanda za juu za Uskoti, na baada ya vita vya Culloden, ambako jeshi la serikali lilishinda waasi waliotegemea watu hao, serikali ililipiga marufuku mwaka 1746, isipokuwa kwa askari, hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1782. Burns mwenyewe alikuwa mtu wa nyanda za chini. Skafu au tai ya tartani, yaani kitambaa cha miraba ya rangi, inatosha kabisa.

Wageni wakishaketi, mwenyeji awakaribishe, kisha isomwe sala fupi ya mistari minne inayosema kwamba wapo wenye chakula wasioweza kula, na wapo wawezao kula wasiokuwa nacho, ila sisi tunacho na tunaweza, basi Mungu ashukuriwe. Baada ya supu wote husimama. Mpiga zumari ya mfuko huingia akitangulia, mpishi akimfuata na haggis juu ya sinia, huku wageni wakipiga makofi kwa mwendo wa muziki.

Hapa ndipo mghani anapohitaji mazoezi. Shairi la Burns kwa haggis lina beti nane, na ubeti wa tatu humtaja mfanyakazi anayekifuta kisu chake. Mghani naye hukifuta chake kwa kitambaa, na katika mstari unaofuata hukididimiza na kuipasua haggis kwa urefu, mvuke ukapanda usoni pake. Itoboe kidogo jikoni kabla ya kuileta, la sivyo yaliyomo yanaweza kuruka na kumchafua. Asiyejua Kiskoti asiogope: hata wazungumzaji wengi wa Kiingereza hawayaelewi maneno yote, na kila mtu anakifuata kisu.

Baada ya kula hutolewa hotuba ya kumkumbuka mshairi. Msemaji wako asiifanye ya sifa tupu. Mwaka 1786 Burns alikuwa amejiandaa kwenda Jamaika kufanya kazi katika shamba la watumwa, akabaki kwa sababu kitabu chake cha kwanza kilipokelewa vizuri. Hotuba inayolikwepa jambo hilo humpunja msikilizaji. Kisha mwanamume mmoja huwasema wanawake kwa utani na kumalizia kwa kuwatakia heri, na mwanamke mmoja humjibu. Ni malumbano hasa, na hunoga pale wasemaji wanapopeana hotuba zao mapema ili jibu lishike hoja.

Sehemu iliyobaki ni ya nyimbo na mashairi. Usiukose ule wimbo wa Burns kuhusu usawa wa binadamu, A Man's a Man for A' That, ulioimbwa tarehe 1 Julai 1999 katika ufunguzi wa Bunge la Uskoti lililorejeshwa.

Mwisho kabisa wageni husimama kwa duara na kuimba Auld Lang Syne, maana yake siku zile za zamani. Wengi hukosea kwa kukunja mikono tangu mwanzo. Anzeni mkiwa mmeshikana mikono kwa kawaida, na ubeti wa mwisho unapotaja mkono wa rafiki mwaminifu, kila mmoja apishanishe mikono kifuani na kuwashika tena jirani zake wawili.