Kuchagua ujazo wa kwilti kwa baridi ya Nairobi na kwa kitambaa ulicho nacho

Binti ya dada yangu alinijia na kwilti (blanketi la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja) aliyoishona kwa miezi mitatu. Uso wake ni kitenge cha buluu iliyokoza, kimeungwa na vipande vyeusi, mishono imenyooka vizuri sana. Lakini pale kwenye weusi palijaa vinyweleo vyeupe, kana kwamba paka amelala hapo. "Mama mdogo, nimepiga brashi kila siku, vinarudi," akasema. Havikuwa vumbi. Ni ujazo wa ndani uliokuwa ukitoka nje. Kushona alijua, hakuna aliyemfundisha kuchagua kile kinachokaa kati ya uso na bitana.

Hatua ya 1: Jua italaliwa wapi

Kinachotia joto ni hewa inayonaswa ndani ya ujazo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hufika nyuzi 10 au 12, ingawa mchana jua likichomoza unavua sweta. Watu wengi wakisikia baridi hukimbilia poliesta nene kuliko zote dukani. Mimi siipendi kwa kitanda cha mtu mzima. Poliesta hainywi jasho: saa nane usiku umeloa, unaitupa pembeni, saa kumi unatetemeka.

Kwa Nairobi mimi hutumia pamba, au mchanganyiko wa pamba 80 na poliesta 20 kwa mia. Kwa ndugu wa Limuru, huko juu ya mita 2,000, sufu ndiyo bora: ni nyepesi, hunasa hewa nyingi, na haipotezi joto ikipata unyevu kidogo. Ukimshonea mtu wa Mombasa, weka flana nyembamba au shuka kuukuu ya pamba, basi. Poliesta naiachia kwilti ya mtoto mchanga ya kutandika sakafuni, maana inafuliwa kila mara na hukauka upesi.

Jambo moja kuhusu pamba: ikilowa ni nzito, na Julai, mawingu yakitanda, huweza kukaa kambani siku mbili. Kama unaanika kwenye kibaraza cha fleti, chukua pamba nyembamba.

Hatua ya 2: Fua kitambaa kwanza

Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani, kinarudi, yaani kinapungua ukubwa, kikifuliwa na rangi yake inaweza kuchuja. Fua, anika, piga pasi.

Hatua ya 3: Hakikisha ujazo hautapenya

Hapa ndipo mpwa wangu alipoumia, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza kwilti nzima namna hii. Nyuzinyuzi za ujazo hupenya kwenye matundu ya kitambaa na kwenye matundu ya sindano. Pamba ikipenya, unyuzi wake hukatika na kudondoka. Poliesta haikatiki, inazidi kujivuta nje, na kwenye kitambaa cheusi utaiona ukiwa mlangoni.

Kwa hiyo inua kitambaa dirishani. Ukiona mwanga unapita kwenye vijitundu kati ya nyuzi, kimefumwa kwa ulegevu na usikiweke juu ya poliesta. Kisha laza kipande cha kitambaa juu ya kipande cha ujazo, sugua kwa kiganja kwa nguvu kama mara 50, halafu ukitazame ubavuni, mwanga ukikipiga. Vinyweleo vikitokea sasa, vitatokea mara mia baada ya kufuliwa. Fanya hivyo dukani kama muuzaji anakuruhusu, kwa sababu ujazo unaokatwa kutoka kwenye jora mara nyingi hauna lebo, na maneno ya "hii ni nzuri, mama" hayatoshi.

Sindano nayo ina makosa yake. Sindano butu hurarua kitambaa badala ya kukipenya. Weka mpya kila unapoanza kwilti, namba 80 au 90. Kama uso ni mweusi, tafuta ujazo mweusi au wa kijivu. Kama ni mweupe na mwembamba, epuka pamba isiyopaushwa: vile vidoa vya kahawia vya maganda ya mbegu huonekana kwa juu.

Na ikiwa vimeshatoka, usivivute! Kila kimoja unachokivuta kinaburuta wenzake. Vikate kwa mkasi mdogo usawa wa kitambaa. Kwa mpwa wangu hilo halikutosha. Tulikaa jioni mbili tukifumua, tukaondoa poliesta na kuingiza pamba.

Hatua ya 4: Pima itakavyorudi

Shona kipande cha majaribio chenye matabaka yote matatu, sentimita 20 kwa 20. Kifue jinsi kwilti itakavyofuliwa, kikikauka ukipime. Kikiwa 19, kimerudi asilimia 5, na kwilti ya sentimita 200 itapoteza 10. Pamba isiyofuliwa hurudi kati ya asilimia 3 na 5, ikakunja uso kidogo. Mimi naupenda mkunjo huo. Usipoupenda, na lebo ikiruhusu, loweka ujazo kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua, ukaukie ukiwa umelala.

Hatua ya 5: Piga bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikilia matabaka), shona

Usiache nafasi ya zaidi ya sentimita 10 kati ya mshono na mshono kama ujazo hauna lebo. Pamba laini inayonyofoka kwa vidole, usizidishe 5. Ukiacha nafasi kubwa, baada ya kufuliwa mara chache itajikusanya kwenye kona kama mto. Na kama ndani kuna poliesta, pasi iwe ya joto dogo, maana huyeyuka na kunyauka hata uso ukiwa pamba tupu.