Kusakinisha kubectl kwenye Linux

Amri ya kubectl, inayotumika kupeleka programu kwenye klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta hizo, ni faili moja tu. Kusakinisha ni kuliweka faili hilo mahali pake. Wanaokwama huwa wamechukua faili la prosesa nyingine, au toleo lisiloelewana na klasta yao.

Anza na prosesa:

uname -m

Ikijibu x86_64, faili lako ni la amd64. Ikijibu aarch64, ni la arm64. Ukikosea hapa, faili litapakuliwa vizuri na kusakinishwa vizuri, kisha litagoma kwa ujumbe wa Exec format error.

Toleo nalo usichukue jipya kabisa kwa sababu tu ni jipya. Muulize anayesimamia klasta inaendesha toleo gani. Kubectl inaruhusiwa kupishana na klasta kwa toleo dogo moja, juu au chini: klasta ya 1.30 inaelewana na kubectl ya 1.29, 1.30 au 1.31. Ukivuka mpaka huo, amri nyingi bado zitafanya kazi, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa zile chache zitakazokataa zitakufanya uhangaike kutafuta kosa kwenye YAML yako (faili la maelezo unayoipa Kubernetes) ambayo haina kosa.

Pakua faili lenyewe na lile la kulihakiki, ukibadilisha v1.30.0 na amd64 kulingana na toleo na prosesa yako:

curl -LO https://dl.k8s.io/release/v1.30.0/bin/linux/amd64/kubectl
curl -LO https://dl.k8s.io/release/v1.30.0/bin/linux/amd64/kubectl.sha256

Usiiache L: anwani hiyo humwelekeza mpakuaji kwenye seva nyingine, na bila L utabaki na kifaili kidogo kisicho programu. Hakiki:

echo "$(cat kubectl.sha256)  kubectl" | sha256sum --check

Kabla ya neno kubectl weka nafasi mbili. Jibu liwe kubectl: OK. Likija FAILED, huenda intaneti ilikatika katikati. Futa mafaili yote mawili, upakue upya.

sudo install -o root -g root -m 0755 kubectl /usr/local/bin/kubectl

Kama huna ruhusa ya sudo (ruhusa ya msimamizi wa kompyuta):

mkdir -p ~/.local/bin
install -m 0755 kubectl ~/.local/bin/kubectl

kisha ongeza mstari huu, unaoiweka folda hiyo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), mwishoni mwa ~/.bashrc na ufungue terminali mpya:

export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"

Jaribu kubectl version --client. Likitokea toleo la zamani, andika type -a kubectl: utaona kila nakala iliyomo kwenye folda za PATH, na ya kwanza ndiyo inayoitwa. Mpangilio ukiwa sawa na bado ya zamani inajitokeza, bash imekariri njia ya awali. Amri ya hash -r huisahaulisha.

Ukiandika kubectl get nodes ukaambiwa localhost:8080 imekataa muunganisho, usisakinishe upya. Kubectl ni nzima, ila haijaambiwa klasta iko wapi. Weka faili la mipangilio ulilopewa kwenye ~/.kube/config, kisha chmod 600 ~/.kube/config. Mara nyingi faili hilo hubeba siri za kuingilia klasta, kwa hiyo kulirusha kwenye kundi la WhatsApp la kazini, kama wengi wanavyofanya, ni kugawa funguo.