Namba zenye E: aina gani ya data kwenye PostgreSQL?

Tuseme maabara ya Tanga inaingiza vipimo vya maji ya mto Zigi kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Faili limejaa namba kama 4.7E6 na 3.2E-7. Herufi E ni mtindo wa kuandika tu, 4.7E6 ni 4700000, na 3.2E-7 ni 0.00000032. Kwa hiyo angalia ukubwa wa namba na tarakimu unazozihitaji.

Kwa vipimo vya mashine, tumia DOUBLE PRECISION: baiti 8, tarakimu 15 za uhakika. REAL ni baiti 4 na tarakimu 6 tu, nayo ina mtego. Ukihifadhi 3.2E-7 kwenye REAL kisha ukatafuta kwa WHERE kipimo = 3.2E-7, hupati kitu, maana thamani iliyokatwa hailingani na ile kamili. Hata kwenye DOUBLE PRECISION, tafuta kwa BETWEEN, yaani kati ya kikomo cha chini na cha juu.

Pesa, au namba isiyoruhusiwa kubadilika hata kidogo, iwekwe kwenye NUMERIC. Ila usinakili NUMERIC(10,2) ya jedwali la ankara, yenye tarakimu 2 tu baada ya nukta: 3.2E-7 itageuka 0.00 kimyakimya, bila onyo lolote. Andika NUMERIC bila mabano. Ni nzito zaidi kwenye hesabu, lakini kwa jedwali dogo hutaona tofauti.

INTEGER (aina ya namba nzima) hukataa maandishi '4.7E6', yapitishe kwanza kwenye NUMERIC: '4.7E6'::numeric::integer.

Jambo linalosahaulika: 4.70E6 na 4.7E6 zikishaingia ni kitu kimoja. Kama mtaalamu wa maabara anajali ile sifuri, ongeza safu ya SMALLINT (namba nzima ndogo) ya idadi ya tarakimu.