Kifundo cha Mguu Kilichoteguka: Namna ya Kutuliza Maumivu na Uvimbe

Mtu anapokanyaga vibaya kwenye ngazi au shimo la uwanjani na wayo ukapindukia ndani, kano za upande wa nje wa kifundo huvutika kupita kiasi au huchanika, na baada ya muda mfupi sehemu hiyo huvimba na kupata joto. Katika nyumba nyingi huteuliwa jamaa mwenye mikono yenye nguvu akande kwa maji ya moto na chumvi. Nawasihi wasomaji waiache desturi hiyo kwa siku 2 au 3 za mwanzo, kwa sababu joto na kuchua huzidisha damu inayovuja kutoka katika mishipa midogo iliyopasuka.

Kwanza uchunguzwe mfupa. Majeruhi asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia anapobonyezwa nchani au nyuma ya mfupa wa kifundo, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei. Vivyo hivyo ikiwa wayo umepinda, umekufa ganzi au umepoa.

Dalili hizo zisipokuwepo, mguu uinuliwe juu ya mito upite usawa wa moyo, ufungwe bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu, na vidole vikibadilika rangi bandeji ilegezwe mara moja. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 10 hadi 15. Inapunguza maumivu, lakini haiungi kano: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978, baadaye alikiri mwenyewe kwamba inaweza kuchelewesha kupona, kwani uvimbe kiasi ni sehemu ya mwili kujitengeneza.

Kwa dawa, mtu mzima mwenye ini zima aanze na parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, asizidishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki si za kumeza kiholela: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito asizitumie bila kumwuliza daktari.

Kulala kitandani wiki nzima nako kunadhuru. Maumivu yakianza kupungua, kwa kawaida baada ya siku 1 hadi 3, achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha akanyage kidogo kidogo, na baadaye ajizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja huku ameshika ukuta, kwa kuwa kifundo kilichopoteza uwiano huteguka tena kwa urahisi. Akishindwa kukanyaga hata baada ya wiki moja, amwone mtaalamu wa fiziotherapia.