Kuchezesha polo ya maji ukiwa umezoea kuchezesha soka

Mwezi wa sita, Mbeya ikiwa kwenye ile baridi yake ya kupasua midomo, dogo mmoja alinipigia simu kutoka Iringa. "Kamwene kaka, nimeingia kwenye mtego." Yeye ni refa wa soka, zile sheria 17 anazo kichwani. Vijana wa chuo walikuwa wamemwomba awachezeshee polo ya maji kwenye bwawa la hoteli, akakubali kabla hajajua anakubali nini. Nikamwambia apande basi aje tuingie wote majini, kwa sababu mchezo huu haufundishiki kwa simu. Haya ndiyo tuliyoyafanya, nimeyapanga kwa hatua. Kuogelea sifundishi, kama hujui, anzia huko.

Hatua ya 1: Bwawa

Kina kisipungue mita 1.8. Mabwawa mengi ya hoteli za huku yana upande wa watoto, nao usiuguse. Afadhali uwanja mfupi wenye kina kuliko mrefu ambao nusu ya wachezaji wamesimama. Kukanyaga sakafu na kucheza ni faulo kwa kila mtu isipokuwa kipa akiwa ndani ya mita 6 za goli lake, kwa hiyo bwawa la kina kifupi litakumaliza pumzi ya filimbi. Goli lina upana wa mita 3, na mwamba wake uko sentimita 90 juu ya maji. Pembeni weka koni kwenye mita 2, mita 5, mita 6 na katikati.

Hatua ya 2: Vifaa

Filimbi iwe ile isiyo na kijipira ndani. Kijipira kikilowa kinaganda, nawe utabaki unapuliza hewa huku watu wanazamishana. Kwenye hili sibishani na mtu.

Kofia: timu moja nyeupe, nyingine bluu, makipa nyekundu. Zikiwa na vikinga masikio ni bora zaidi, maana mkono ukitua sikioni unaweza kupasua ngoma. Namba ziandikwe kubwa. Na ubebe kikata kucha. Kabla ya mechi waambie wote wanyooshe mikono, uzikague kucha kama mwalimu wa zamu. Watacheka. Mwenye kucha ndefu akate hapo hapo.

Hatua ya 3: Meza

Mechi ina robo nne za dakika 8, na saa inasimama kila mpira unaposimama. Timu ina watu saba majini, kipa akiwemo. Mezani unahitaji mtu wa saa ya mchezo, mtu wa saa ya shambulizi (inayohesabu muda timu inaoweza kukaa na mpira kabla ya kupiga golini), na karani wa kuandika magoli na makosa. Watumie saa za michezo zenye vitufe; simu ya kugusa na vidole vilivyolowa havielewani.

Saa ya shambulizi kwa miaka mingi ilikuwa sekunde 30, na 2019 zikaongezwa sekunde 20 za duru ya pili baada ya kona, mpira wa shuti kurudi kwa mshambuliaji, au mlinzi kutolewa. World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, wana tabia ya kuchezea namba hizi, kwa hiyo kubalianeni na makocha kabla ya kuanza na muandike kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Mkono uko kwenye mpira au hauko?

Hapa ndipo nilipoumia mimi, kwa hiyo nivumilie.

Mechi yangu ya kwanza niliichezesha kwa macho ya soka. Nikiona mtu amevutwa, napiga filimbi. Nikiona maji yameruka, napiga. Robo ya kwanza ilichukua karibu nusu saa, wachezaji wakawa wanatetemeka kwa baridi wakinisubiri, na timu zote mbili zilikuwa zinanilaumu kwa wakati mmoja. Mzee mmoja aliyewahi kucheza alinivuta pembeni akaniambia: "Mwalimu, wewe unatazama maji. Tazama mpira."

Maana yake ni hii. Mchezaji aliyeshika mpira, mpinzani ana ruhusa ya kumvaa: kumshika, kumzamisha, kumvuta nyuma. Hiyo si faulo. Mchezaji asiyeshika mpira, hata kumwekea mkono begani ukamzuia asiogelee ni faulo ya kawaida. Na huyo asiyeshika mpira akishikwa, akizamishwa au akivutwa nyuma, aliyefanya hivyo anatolewa kwa muda. Kitendo kinaweza kuwa kile kile, ila hukumu yake inategemea kiganja.

Dogo alikuwa anaitikia tu "sawa kaka, sawa kaka", nikajua hajaelewa. Tukaingia majini. Nikampa mpira, nikamwambia aukamate vizuri juu. Nikamrukia mabegani, nikamzamisha mpaka chini. Akaibuka anakohoa, macho mekundu: "Faulo hiyo!"

"Hakuna."

"Kaka, umenizamisha!"

"Mpira ulikuwa wapi?"

Akautazama mkono wake. Nikamwambia sasa auachie uelee mbele yake, kiasi cha upana wa vidole viwili kutoka mkononi. Nikaweka kiganja kimoja tu kwenye bega lake akashindwa kusogea. "Hiyo ndiyo faulo." Tulirudia mpaka midomo ikawa ya bluu, lakini hakuuliza tena.

Sasa vijimambo vyake, maana havikosi.

Kuukokota mpira, yaani kuogelea huku unaelea mbele ya kifua katikati ya mikono, hakuhesabiki kuwa ni kuushika. Kwa hiyo mkokotaji akivutwa mguu, aliyemvuta anatoka. Kuugusa tu kwa kiganja, hata bila kuuinua, ni kuushika. Ndiyo maana wachezaji wajanja wanauachia nukta moja kabla ya kuvaliwa: wanatafuta filimbi. Ukiona wameuachia kweli, wape. Ukiona wamejifanya huku kidole bado kiko juu, kaa kimya.

Aliyeshika mpira akivaliwa, mpira ukazama naye, faulo ni yake. Hata kama mkono wa mlinzi ndio uliomsukuma chini, bado ni yake. Hapa watu wa soka wanagoma kabisa, lakini sheria iko wazi. Akiuzamisha mwenyewe bila kuvaliwa na mtu, si kosa.

Ruhusa ya kumvaa mwenye mpira haina maana ya ngumi na mateke. Kupiga na kurusha teke vina adhabu hata mpira uwe mkononi mwa nani. Kumrushia mtu maji usoni makusudi nako ni kutolewa.

Halafu faida. Kama filimbi yako itamsaidia mkosaji, usipige. Mshambuliaji ameshikwa kidogo lakini bado anaelekea goli peke yake? Acha. Marefa wapya wanaogopa kuonekana hawajaona. Afadhali uonekane hujaona kuliko kuua goli.

Jambo la mwisho la hatua hii: faulo ya kawaida haisimamishi mchezo kwa namna ya soka. Aliyefanyiwa kosa anauanzisha mpira papo hapo, bila ukuta na bila kukusubiri. Akiwa nje ya mita 6, na mpira uko nje pia, anaweza kupiga golini moja kwa moja. Ukiduwaa umeinamisha kichwa, utaliona goli likiwa tayari wavuni.

Hatua ya 5: Kutolewa na penati

Anayetolewa anaogelea hadi kona ya timu yake na kukaa huko mpaka muda wa adhabu uishe (kwa miaka mingi ulikuwa sekunde 20), au mpaka goli lifungwe, au mpaka timu yake ipate mpira, lolote litakalotangulia. Akiwa njiani akizuia mchezo makusudi, ni penati. Makosa makubwa (ya kutolewa au penati) matatu kwa mtu mmoja, amemaliza mechi yake. Karani anainua bendera nyekundu na nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Penati inapigwa mita 5. Ipo kwa kosa linalozuia goli la wazi ndani ya mita 6, na pia mshambuliaji aliyeelekea goli ndani ya eneo hilo akizuiwa kutoka nyuma wakati anapiga. Mlinzi akigusa mpira tu, hakuna kitu.

Vurugu usizilee. Olimpiki ya Melbourne 1956, Hungary na Umoja wa Kisovyeti, mechi ilikatizwa Hungary wakiongoza 4-0, na mchezaji mmoja wa Hungary alitoka majini na damu usoni. Ngumi ya makusudi: mtu ametoka moja kwa moja, penati inapigwa, na timu yake inacheza pungufu dakika 4.

Hatua ya 6: Ishara na kusimama

Marefa ni wawili, mmoja kila upande. Ambaye goli linaloshambuliwa liko kulia kwake ndiye anayeongoza shambulizi hilo. Mpira ukigeuka mnabadilishana. Wote mna haki ya kupiga filimbi. Faulo: mkono mmoja kuelekea shambulizi linakokwenda, mwingine mahali mpira unapoanzia. Kutoa: mnyooshee mhusika, kisha peleka mkono haraka kuelekea ukingo, halafu onyesha namba ya kofia kwa vidole. Penati: mkono juu, vidole vitano. Kona wape pale tu mpira uliomgusa kipa mwisho unapotoka nyuma ya goli, au mlinzi ameutoa makusudi. Shuti likimgonga mlinzi wa kawaida likatoka, mpira ni wa kipa. Hili nalo litakuletea kelele za watu wa soka jukwaani.

Refa wa polo anavaa nyeupe. Dogo alifika bwawani suruali imeshakuwa ya rangi ya vumbi la Iringa kuanzia magotini kushuka. Ibebe kwenye mfuko, uvae ukifika.