SOMO: Jipime, sikio na jicho nani anashika muda

Swali la "muda si ni uleule, uusikie au uuone?" nimelijibu hadi nimechoka. Jipime mwenyewe.

1. Pakua programu yoyote ya kuhariri video.

2. Tengeneza mlio usiokatika na mraba mweupe kwenye kioo cheusi. Kila kimoja sekunde 0.8.

3. Mwenzako avicheze kwa kuchanganya, wewe taja kipi kirefu. Usihesabu kimoyomoyo. Wengi huona mlio ndio mrefu.

4. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Weka mwako mmoja wa fremu moja, yaani picha moja ya video (milisekunde 17 hivi kama video ni ya fremu 60 kwa sekunde; milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Weka na milio miwili mifupi: wa kwanza pamoja na mwako, wa pili milisekunde 60 baadaye. Wengi wataona miwako MIWILI. Mtafiti Ladan Shams na wenzake walilionyesha hili mwaka 2000. Ila usiukodolee mwako: kaza macho kwenye alama iliyo juu yake, uupate kwa pembe ya jicho. Na hedifoni za bluetooth vua! Mara nyingi zinachelewesha sauti kwa milisekunde 100 na zaidi, mlio unafika mwako umeshazimika, halafu unaniita mwongo. Tumia waya.

Mzalendo_K: Mkuu, mbona mimi naona mmoja tu?
— Hedifoni gani?
Mzalendo_K: Bluetooth.
— Hatua ya 4. Soma.

Binti Hoja: Lakini mwanga una kasi kuliko sauti. Jicho lisingewahi?
— Hapo umeuliza! Mwanga unawahi kufika, lakini retina (utando wa nyuma ya jicho) huugeuza kuwa ishara kwa mlolongo wa kemikali, na hapo ndipo unapochelewa. Chembe za sikio huitikia mtikisiko wenyewe. Kubonyeza kitufe ukisikia mlio huchukua kama milisekunde 150. Ukiona taa, karibu 190. Tofauti hiyo sauti huimaliza ikisafiri mita 14 hivi, kwa hiyo kwa mbali jicho linashinda.

Binti Hoja: Kumbe ndiyo maana wakimbiaji wa mita 100 wanawekewa spika nyuma yao?
— Ndiyo, aliye mbali na bastola asipunjwe. Akiondoka kabla ya sekunde 0.1 tangu mlio, anahesabiwa ameiba.

Fundi Kinanda: Wanafunzi wangu wakifuata taa ya metronomu (kifaa cha kushikia mapigo ya muziki) wanapotea, mlio wanaushika.
— Ifunike hiyo taa.

Mzalendo_K: Kwa hiyo sikio ni bora kwa kila kitu?
— Nani kasema? Kwenye kujua kitu kiko WAPI, jicho linatawala. Spika ya runinga iko pembeni, wewe unasikia sauti inatoka mdomoni mwa mtangazaji. Waya umepata?