Dawa ya thairoidi unameza, uchovu bado upo: anzia hapa

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miezi minane nilimeza levothairoksini, homoni ya thairoidi ya kidonge, kila asubuhi bila kuruka hata siku moja, na bado ikifika saa nane mchana nasinzia juu ya kaunta ya duka wateja wakinitazama. Nikipima, TSH, homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ifanye kazi, iko juu, yaani dawa haijatosha mwilini. Dozi ikapandishwa kutoka mikrogramu 50 hadi 75, kisha 100. Hakuna aliyeniuliza nameza na nini. Nilikuwa nameza na chai ya maziwa, na kidonge cha kuongeza damu palepale, vyote kwa mkupuo mmoja ili nisisahau.

Somo hili ni la wale ambao daktari ameshathibitisha kwa kipimo kwamba tezi ya shingoni, yaani thairoidi, imelegea na haitoi homoni ya kutosha. Kama hujapima, usijipe ugonjwa. Kuchoka, kuhisi baridi, choo kigumu na ngozi kukauka vina sababu nyingi.

Hatua ya 1: Rekebisha saa ya dawa

Meza kidonge kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kutia kitu kingine kinywani. Chai ya maziwa ni kitu kingine. Kahawa pia. Kalisiamu na madini ya chuma huishika dawa humo tumboni, ikapita bila kuingia kwenye damu. Ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu, vya kalisiamu na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa 4.

Mimi karatasi ya vidonge naiweka karibu na mswaki. Saa kumi na moja alfajiri nameza, nawasha jiko, naandaa watoto. Chai nainywa saa kumi na mbili. Cha kuongeza damu ni baada ya chakula cha mchana. Na usiweke dawa kwenye rafu ya juu ya jiko, joto linaiharibu.

Hatua ya 2: Subiri

Hii inawashinda wengi. Dawa hii hutoka mwilini taratibu: inachukua siku 7 hivi kupungua nusu. Ukibadili dozi, au ukibadili namna ya kumeza, TSH hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza hela. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie daktari na uviache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, maana vinaweza kudanganya majibu.

Hatua ya 3: Pima upungufu kabla ya kununua makopo ya vitamini

Hapa ndipo uchovu mwingi hujificha. Tezi ikilegea, damu ya mwezi huweza kuwa nyingi. Damu nyingi ikitoka, chuma kinaisha. Na tezi yenyewe inahitaji chuma ili kutengeneza homoni. Mtu anazunguka humo humo miaka.

Omba kipimo cha wingi wa damu, na ukiweza cha feritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma. Wingi wa damu unaweza kuonekana mzuri huku akiba imebaki chini kabisa. Unatamani udongo au barafu? Usione aibu, sema. Mimi nilikuwa nanunua udongo wa sokoni, ule wa vipande vya kijivu, nautafuna dukani kama karanga. Kumbe kuutamani ilikuwa dalili, na kuula kunazuia chuma kisiingie.

Vitamini B12 ipimwe hasa kama miguu inakufa ganzi, unatumia metformini ya kisukari, au tezi yako imeshambuliwa na kinga ya mwili wako mwenyewe, ule ugonjwa unaoitwa Hashimoto. Vitamini D, kama hupati jua.

Hatua ya 4: Sahani

Dagaa, maini, samaki, maharage, mchicha. Kamulia ndimu au kula chungwa, chuma cha mboga kiingie vizuri. Chai isubiri saa moja baada ya chakula. Chumvi iwe yenye madini joto, ifunikwe, na uitie mwishoni mwa kupika.

Muhogo na kabichi vinasingiziwa mno. Ni kweli muhogo mchungu usioandaliwa vizuri umechangia rovu, uvimbe wa tezi shingoni, mahali ambapo madini joto ni haba, kama kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Lakini wewe unayekula samaki na chumvi nzuri, kula muhogo wako wa kuchemsha.

Maswali ya wanachama

*Dada, kuna unga wa mwani wa Zanzibar wanasema unatibu thairoidi. Ninunue?*

Hapana, shoga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, na kijiko kimoja cha mwani kinaweza kupita hapo mbali sana. Tezi iliyodhoofika ikizidishiwa madini joto huweza kulegea zaidi.

*Ramadhani nifanyeje? Daku nakula saa kumi.*

Unaweza kuamka mapema, umeze dakika 30 hadi 60 kabla ya daku. Ukishindwa, meza unapokwenda kulala, ikiwa zimepita angalau saa 3 tangu ule. Chagua moja, ushike hiyo mwezi mzima, na umjulishe daktari wako.

*Shikamoo dada. Nimejikuta na mimba ya wiki sita. Kliniki yangu ni mwezi ujao.*

Marahaba mdogo wangu. Usingoje mwezi ujao, nenda wiki hii ukapime TSH. Dozi mara nyingi hulazimika kupanda kwa robo au zaidi tangu mwanzo wa mimba, kwa sababu mtoto anategemea homoni yako. Usiache dawa hata siku moja. Vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa kliniki, kumbuka zile saa 4.

*Mama yangu ana miaka 71, siku akichoka sana anameza vidonge viwili. Kuna ubaya?*

Upo, kaka. Dawa ikizidi, moyo unakwenda mbio na mifupa inapungua nguvu, na umri wake hauvumilii hayo. Uchovu wa leo hauondoki kwa kidonge cha leo. Mhesabie vidonge vya wiki kwenye kikopo. Akipata maumivu ya kifua, au ukamkuta amepoa mwili, anasinzia tu na maneno hayaeleweki, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.